Gia ya mbele ilivyogoma kushuka njia ya Ruaruke, siku tunamzika mama

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Leo nimeona kijana kwenye uzi mwingine analalamika kwamba gia ya mbele ya baiskeli yake inapanda ila haishuki. Wengine mnamcheka. Mimi sikucheka.

Naomba niwasimulie yaliyonikuta. Chumvi sitatia, maana anayehusika ni mama yangu mzazi.

Ilikuwa Kibiti, ile miaka ya ruksa, mitumba ndiyo kwanza inamiminika. Baiskeli yangu niliipata Bungu, ilishushwa kwenye lori pamoja na marobota ya nguo. Baiskeli ya mbio, nyembamba, usukani umepinda, gia mbele na nyuma. Mjini kwetu tulizoea zile nzito zisizo na gia hata moja.

Najua kuna mtu ataniuliza baiskeli ya mbio kwenye mchanga wa Rufiji ilifuata nini. Ujana, mkuu. Tena nikaifungia na keria ya kubebea mtu nyuma!

Sasa kwetu baiskeli mpya haiachwi uchi. Unakata tyubu kuukuu vipande vyembamba, unaviringisha kwenye fremu yote ili rangi isichubuke. Mama alikuwa msukaji wa mikeka, akasema kazi hiyo hamwachii mtu. Alikaa barazani akaviringisha mpira ule, akiubana na kuupishanisha kama anasuka ukili wa mkeka. Watu walikuwa wanasimama kuitazama. Nilivimba kichwa, nisiwafiche.

Haikupita muda mrefu gia ya mbele ikaanza visa.

Kwa msioelewa: mbele kuna magurudumu mawili ya meno, kubwa na dogo. Kubwa ni la spidi kwenye njia ngumu, dogo ni la mlima, mchanga na mzigo. Kuna kidude kinachoisukuma cheni kutoka moja kwenda jingine, kinavutwa na waya unaopita kwenye bomba la chini la fremu kutoka kwenye kiwiko cha gia, kile unachovuta kwa mkono; ukiachia, springi inakirudisha. Sasa yangu ukivuta, cheni inapanda kwenye kubwa vizuri kabisa. Ukiachia ishuke, haishuki.

Nikampelekea fundi wetu pale sokoni, kaka Shabani. Baiskeli tulizozizoea, cheni ikisumbua unavuta tairi la nyuma, habari imekwisha. Akavuta tairi. Akazungusha na zile skrubu mbili za kwenye kidude. Wapi! Nikazoea kutembelea gurudumu kubwa tu, mjini ni tambarare.

Mama hakuugua sana. Alifariki alfajiri.

Wazee wakakaa, wakaamua azikwe baada ya swala ya alasiri. Dada yangu Mwanahawa, mkubwa wetu, alikuwa ameolewa Ruaruke. Simu hakuna. Gari la kwenda huko siku hiyo halikuwepo.

Baba mdogo akaniita pembeni. "Wewe ndiye mwenye baiskeli ya kasi. Kamlete dada yako amwone mama yake. Lakini ikishaswaliwa alasiri tunatoka, maiti hangoji mtu."

Wakuu, nilipanda ile baiskeli nikaondoka.

Mwanzo wa njia ulikuwa mgumu, nikaenda vizuri. Mchanga ulipoanza nikaachia gia ishuke. Kimya. Nikashuka nikaiweka cheni kwenye gurudumu dogo kwa mkono. Nikikanyaga kidogo tu, kile kidude kinairudisha kwenye kubwa. Basi nikawa nasukuma kwa miguu penye mchanga, napanda penye unafuu, huku nalitazama jua. Kila nikilitazama naona limekimbia.

Ruaruke nikamkuta dada hayupo, yuko shamba la mpunga. Kumngoja aitwe kulinitesa kuliko njia yenyewe. Nilishindwa hata kukaa kwenye kiti nilichopewa.

Alipokuja sikumwambia kafiwa. Mnajua desturi, habari ya msiba haimwagwi kwa mtu aliye mbali na kwao. Nikasema, "Dada, mama amezidiwa. Wamesema uje."

Akanitazama. Akajifunga kanga vizuri, akakaa kwenye keria.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Peke yangu nilikuwa nasukuma nakimbia, sasa nina mtu nyuma, na gurudumu kubwa halikanyagiki kwenye mchanga ukiwa na mtu. Tukawa tunapanda, tunashuka, tunatembea, tunapanda tena. Akiniuliza mama alikula nini jana, najibu uongo. Akiniuliza kama anaongea, najibu uongo. Jasho na uongo vilinitoka pamoja.

Tulipofika kwenye mikorosho, adhuhuri ilikwishapita. Mchanga pale ni mzito. Miguu ikagoma.

Nikailaza baiskeli, nikapiga magoti. Skrubu sikuzigusa, nilishazichoka. Nikashika waya wenyewe kwa vidole, kutoka juu kuja chini. Karibu na kiwiko cha gia ulikuwa umelegea kabisa. Nikashika ule wa chini, karibu na kidude. Umekaza kama uzi wa gitaa!

Waya mmoja, juu umelegea, chini umekaza. Katikati kuna mpira wa mama.

Aliuviringishia na waya ndani, akaubana kwa mikono yake ya mikeka. Mkono wangu ukivuta unaushinda ule mpira, waya unapita. Nikiachia, springi ya kidude haina nguvu hiyo, waya unabaki umebanwa.

Nikatoa kisu. Nikakiweka kwenye mpira. Nikashindwa kukata.

Machozi yakaanza kunitoka, na dada amesimama pale ananiangalia.

Akasema taratibu, "Mdogo wangu, mtu halilii mpira wa baiskeli. Mama hayupo, sivyo?"

Nikainamisha kichwa.

"Nilijua tangu nilipokukuta umesimama pale kwangu, na kiti umepewa," akasema. "Kata. Mimi nataka kumwona mama, sitaki kuona mpira wake."

Nikakata, wote wa bomba lile la chini. Nikaachia gia, cheni ikateremka taratibu ikakaa kwenye gurudumu dogo. Tukaondoka. Njia nzima iliyobaki dada alilia mgongoni kwangu, nami nakanyaga.

Tulipoingia Kibiti watu walikuwa wanatia udhu wa alasiri. Dada akaingia ndani. Baba mdogo akawaambia wenye jeneza wasubiri nje kwanza.

Kijana wa uzi ule, na wengine wote: gia ya mbele ikipanda na isishuke, usikimbilie skrubu. Shika waya kwanza, juu na chini. Tafuta kinachoubana: kutu, uchafu, mkanda wa keria, au pambo ulilofungiwa na mtu anayekupenda.

Mpira uliobaki ulikuja kuchakaa, baiskeli ikachubuka kila mahali. Lakini siku ile niliyokata, bomba la chini lilikuwa bado na rangi yake, inang'aa kama ilivyotoka kwenye lori. Mama alikuwa ameitunza kweli.

Haya, waliowahi kupanda baiskeli za gia enzi hizo, yenu ilikugomeeni wapi? Nawasoma. Na wa kunicheka kwa ile keria pia karibuni.