Kazi Iliyokataa Kufutwa

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Kisangani, na mtu niliyekuwa naye bado yuko hai, anaweza kuulizwa. Sikuyasikia kwa jirani. Mimi nimesomea kompyuta, ndugu yangu. Kazi yangu ni kutafuta sababu ya kila kitu, na katika jambo hili nimetafuta mpaka nimechoka. Donc sikiliza tu, halafu utaamua mwenyewe.

Vita vilipowaka ng'ambo, upande wa Lubunga, watu walivuka mto kwa pirogi, mitumbwi ya kasia, wakajaa mashuleni na viwanjani mwa Tshopo, commune yetu upande huu wa mto. Sisi tulikuwa chama kidogo cha kuwasaidia, chini ya Tonton Faustin, mjomba wetu sote, fundi umeme mstaafu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Maombi yalikuwa mengi: turubai, dawa ya kuhara, mwanamke wa kupelekwa kujifungua. Tukawa tunayaweka katika orodha ya kazi ya mtandaoni, ili kila mmoja wetu aone kwenye simu yake kipi kimefanyika na kipi kimebaki.

Mimi niliandika programu ndogo ya kuiendesha orodha hiyo. Sikuanza na sifuri. Nilitumia maktaba, yaani msimbo ambao watu wengine wamekwisha kuuandika. Ukiuambia ongeza kazi, unaongeza, ukiuambia funga, yaani kazi imekwisha, unafunga, ukiuambia futa, unafuta. Ujumbe ukiingia kwa simu, programu inaugeuza kuwa kazi na kuipa namba yake, namba isiyopewa kazi nyingine kamwe. Asiye na simu alikuja mlangoni pa ofisi, nikamwandikia kwa mkono wangu.

Siku chache baada ya ile mvua kubwa iliyong'oa maturubai, nilikuwa nimebaki peke yangu ofisini. Jua lilikuwa linazama. Mama mmoja akasimama mbele ya meza yangu. Sikumsikia akibisha, lakini hilo halikunishtua, kwa maana mlango ulikuwa wazi. Kitenge chake kilikuwa cha kijani. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko, udongo mbichi, kama mtu aliyetoka kufyatua matofali. Nilimkaribisha kiti, akakataa.

Akaniambia, "Mutoto yangu iko ng'ambo. Iko peke yake. Andika watu waende kumukamata, wamulete huku."

Nikamwuliza jina la mtoto. Aziza. Nyumba? Nyuma ya tanuru ya matofali, karibu na mwembe uliochomwa. Na yeye je? Mama Aziza, akasema, hivyo tu. Nikaandika. Alikuwa ameegemeza mikono yote miwili juu ya meza, na mimi nikawa nawaza nitakavyoifuta meza hiyo. Nilipomwambia, "Nimeandika, mama," aliitikia kwa kichwa akatoka. Niamini, meza ilikuwa safi. Hapakuwa na hata chembe ya udongo. Nilipitisha kiganja changu juu yake mara mbili, kisha nikajiambia kwamba nimechoka, nikafunga ofisi.

Asubuhi Tonton Faustin aliisoma kazi ile. Kisha akaniambia niiondoe. Alieleza kwamba ng'ambo bado watu wanakatwa mapanga, na hana haki ya kumtuma mtoto wa mtu huko. Kazi isiyoweza kufanyika, alisema, inawadanganya wanaoisoma. Nilimwelewa. Nikaiamuru programu ifute, nayo ikajibu kwamba imefuta.

Kesho yake kazi ilikuwepo tena, juu kabisa ya orodha.

Bon, wewe ungefikiri nini? Nilifikiri ni kosa langu la msimbo, labda mahali programu inarudia kutuma ujumbe wa zamani. Nikausoma mstari kwa mstari. Hakuna. Nikafuta tena, ikarudi. Nikabadilisha ufunguo wa siri ambao programu hutumia kuingia kwenye orodha, nikaizima programu yenyewe, nikafuta kwa simu yangu. Ikarudi. Lakini kilichonishinda ni ile namba. Kazi ikifutwa, namba yake imekufa; hata ukiandika upya maneno yale yale, unapewa namba nyingine. Hii ilirudi na namba yake ile ile. Nilimwonyesha Tonton Faustin. Hakucheka.

Jioni hiyo mama yule alirudi. Safari hii Tonton Faustin alikuwapo, amekaa dirishani akitengeneza redio. Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, na sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka sana.

"Ulisema umeandika," akasema. "Sasa munafuta sababu gani?"

Nani alimwambia? Kufuta kule hatukumwambia mtu yeyote nje ya ofisi. Tonton Faustin aliweka redio chini taratibu, akasimama, akavua kofia yake kama mtu aliye mbele ya maiti.

"Tutaenda, mama," akamwambia. "Mimi mwenyewe nitaenda."

Nikageuka kumtazama yeye. Nilipogeuka tena, mbele ya meza hapakuwa na mtu.

Tulivuka asubuhi, yeye na mimi, na mwenye pirogi aliyekubali kwa sababu ana watoto. Ng'ambo kulikuwa kimya. Nyumba nyingi hazikuwa na paa. Tanuru tuliiona, na mwembe mweusi, na nyuma yake nyumba ya udongo yenye mlango uliofungwa kwa kamba. Bibi mmoja mzee akatokea nyuma ya uzio akiwa na sahani ya mihogo. Alituambia kwamba yeye hakuweza kukimbia, miguu imekataa, basi amekuwa akimlisha mtoto. Tukamwuliza mama yake yuko wapi. Akatuelekeza kwa kidevu kwenye shimo ambalo wafyatua matofali walikuwa wakichimbia udongo. Lilikuwa limejaa maji mekundu.

"Tulimuzika mule mbele ya mvua kubwa," akasema. "Hatukukuwa na nguvu ya kuchimba pengine."

Kabla ya mvua. Na mimi nilimpokea ofisini baada ya mvua. Tonton Faustin alinishika mkono.

Mtoto alikuwa mdogo, wa umri wa kuanza shule. Bibi alisema kila mara alipotaka kumhamishia kwake mtoto alikataa, akisema ameambiwa angoje. Nilipochuchumaa mlangoni alinitazama usoni bila woga wowote, akasema, "Wewe njo ule ya kuandika," yaani mimi ndiye yule mwandishi, akanipa mkono. Bibi tulimbeba pia. Mwenye pirogi alimweka katikati, akapiga kasia mpaka tukafika.

Kompyuta yangu ilikuwa imezimwa, imo ndani ya mfuko mgongoni mwangu. Nilipoiwasha ofisini, kazi ilikuwa imekwisha kufungwa asubuhi ile ile, wakati tukiwa bado mtoni. Orodha huandika saa na jina la kila anayefunga kazi. Hapo pahali pa jina palikuwa patupu. Kazi hiyo haijarudi tena.

Tulitafuta ndugu zake Aziza, hatukupata. Anaishi kwangu sasa, anasoma, ananiita tantine, yaani shangazi. Lakini jioni nyingine, tukiwa tunakula, anaacha tonge, anageukia uani, anaitikia, "Ndiyo, mama." Kisha anaenda kunawa miguu, au anavaa sweta yake, kama aliyeagizwa. Mimi simwulizi kitu. Na katika programu zote nilizoandika tangu siku ile, sijaweka amri ya kufuta. Wenzangu wananicheka, wacha wacheke.

Nawe unayepokea shida za watu, kwenye karatasi au kwenye mashine, jichunge. Ukimwambia mtu "nimeandika", anaenda kumwambia mtoto wake kwamba mnakuja.