Kibao cha Shingoni

Silipendi neno kuhifadhi. Utotoni halikuniudhi, maana tulihifadhi mahindi na maharagwe, na aliyehifadhi alikusudia kula. Siku hizi sitaki hata kulisikia. Nyumba moja ya mji wa Bowie, huku Marekani, ndiyo iliyoniharibia neno hilo, nyumba niliyomtunzia nyanya mmoja wa Okinawa mpaka alipofariki.

Alikuja Marekani kutoka visiwa hivyo vya kusini mwa Japani akiwa mke wa mwanajeshi wa huku. Mume alishakufa, watoto walishatawanyika kwenye majimbo ya mbali. Aliyebaki karibu ni mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamifu pale chuo kikuu cha College Park. Alikuja kila Jumamosi. Siku nyingine zote tulikuwa sisi wawili, na kwa kuwa wote tulijifunza Kiingereza kwa lazima, tulielewana vizuri.

Kiokinawa hakuwa na wa kumsemesha, basi alizisemesha karela, zile mboga chungu zinazotambaa. Alizipanda kando ya ua, akazitengenezea fito za kupandia, na kila asubuhi alizizungukia akizipa habari, akizikemea, mara nyingine akizicheka. Aliwahi kuniambia kwamba haogopi kufa. Alichotaka ni kujibiwa kwa lugha ya kwao, na mtu, hata mara moja tu.

Mjukuu alimsikia akiongea na karela, akapata wazo. Chuoni walikuwa na mradi wa akili mnemba: unailisha mashine mazungumzo mengi mno, nayo inajifunza lugha mpaka inaisema yenyewe. Alinieleza kwamba usemi wa kijiji cha nyanya umebakiza wazee wa kuhesabika, na wakienda umekwenda, kwa hiyo lazima uhifadhiwe. Machozi yalimlengalenga akisema hayo, na nilimwamini, kwani hakuwa binti mbaya. Nikamuuliza mbona asijifunze yeye mwenyewe, na mwalimu anaye hapo nyumbani bure. Akasema hana muda, tasnifu imembana.

Kinasa sauti cha kwanza alikibandika kwenye kola ya nyanya, kikawa kinadondoka kwenye sinki na kwenye matuta ya karela. Akaleta kingine, bapa, kidogo kuliko kiganja, akakitia utepe na kumvisha nyanya shingoni. Tangu hapo nyanya akanyamaza. Karela nazo zikanyimwa salamu. Alikaa kitini, mikono magotini, kichwa kimeinama, na kila alichoulizwa alikijibu kwa Kiingereza. Mjukuu akanong'ona kwamba huenda usahaulifu wa uzee umeanza, tuharakishe.

Nilimuuliza nyanya mwenyewe nikimwogesha, kile kidude kikiwa mezani sebuleni. Akajigusa kifua, pale kilipokuwa kikining'inia, akanisimulia. Shuleni kwao, mtoto aliyenaswa akisema Kiokinawa badala ya Kijapani alivishwa kibao cha mbao shingoni. Alikivaa mpaka amnase mwingine, amvishe yeye. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa.

Nilibaki na sabuni mkononi. Kwetu magharibi ya Kenya tulikivaa kibao hichohicho, tukikiita diski, kwa kosa la kusema Kibukusu. Nilipomwambia, alinigeukia akiwa na povu kichwani, akanitazama kama ndugu aliyepotea. Akaniuliza sisi tulikuwa tukikivua vipi. Nikamwambia unamfinya jirani kwa ghafla, naye akilia "Mayi!" kwa uchungu, umemnasa. Nyanya akacheka mpaka akakohoa. Wao walimkanyaga mtu mguu, maana mtoto wa Okinawa akiumia hulia "Aga!" kabla hajafikiri. Walimu wa kwao na wa kwetu hawakuwahi kukutana, lakini walitufanyia unyama mmoja. Tulicheka, kisha nikamsuuza.

Jumamosi mjukuu akaja. Akamvisha nyanya utepe, akapiga magoti mbele yake kuunyoosha. Nyanya akanyoosha mkono taratibu, akamfinya juu ya kiwiko, akamfinya hasa.

"Ouch!" mjukuu akaruka.

Nyanya alisubiri, sikio limeelekezwa kwake. Akamfinya tena, kwa nguvu zaidi.

"Ouch! Nyanya, unaniumiza."

Nyanya akaurudisha mkono magotini. Akanitazama mimi, siyo yeye.

"Basi hakuna wa kumvisha," akasema.

Nilimweleza mjukuu habari ya kibao siku hiyohiyo, jikoni. Alilia kwelikweli. Aliuliza kama akivue. Nyanya mwenyewe akakataa kuvuliwa, na akaanza kusema Kiokinawa. Alisema tangu kifungua kinywa mpaka chakula cha jioni, miezi na miezi, hadithi, matusi, majina ya samaki, akiwa amekaa vilevile, kichwa chini. Mjukuu alifurahi kwamba bibi yake ameukubali mradi. Mimi niliona mtoto anayetumikia adhabu mpaka jioni, na nilichukia kila kitu chumbani mle, hata betri nilizokuwa nikichaji mimi mwenyewe.

Alifariki karela zikiwa zimeiva, zimegeuka manjano na kupasuka bila mchumaji.

Baada ya mazishi, mjukuu alinikalisha mbele ya kompyuta. Akaandika swali kwa Kiingereza, na sauti ya nyanya ikajibu kwa Kiokinawa, laini, bila kikohozi. Nikamuuliza imesema nini. Akainama kusoma tafsiri kwenye skrini, kwa maana hakujua. Akaniambia, kwa fahari, kwamba mashine inajibu chochote, saa yoyote. Nikamfikiria yule nyanya aliyetaka kujibiwa mara moja tu. Sasa jibu lipo, na wa kuuliza hayupo. Nilivaa koti langu nikaondoka, nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Basi lilijaa mpaka mlangoni. Nilishuka Langley Park, ninakoishi, nikapita kando ya uzio wa ujenzi wa reli, nikapanda ngazi. Binti yangu alikuwa jikoni akisonga ugali, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi. Nilimwamkua kwa Kibukusu kama kila siku, na kama kila siku akaniambia, "Hey, Mom." Ni mtoto mwema, amezaliwa hapahapa, ugali wake hauna madonge. Nikamsogelea kwa nyuma, nikamfinya juu ya kiwiko.

"Ouch! Mom, what's wrong with you?"

Nilisubiri kidogo, sikio limeelekezwa kwake. Alikuwa akijipapasa mkono, akinishangaa, machozi yameanza kumlengalenga. Nikamwomba msamaha kwa Kiingereza, apate kunielewa.