Ziwa la Bati

Ziwa letu tulilitengeneza kwa madebe ya mafuta ya kula. Wazo lilikuwa langu, na hadi leo nasema lilikuwa wazo zuri, maana debe likikatwa, likakunjuliwa na kupigwa nyundo mpaka likanyooka, linang'aa kama Ziwa Victoria la saa nne asubuhi. Mjomba alitaka tupake tu rangi ya buluu juu ya plaiwudi. Nilimwambia ziwa la rangi hata watoto wa darasa la pili wanalo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, mzee mwenye duka la siku nyingi pale Nyamagana. Soko huria lilikuwa limefunguka, kila mwenye uwezo anatafuta chombo cha majini, naye alikuwa ameanza kupeleka boti visiwani. Alitaka ramani ya ziwa, ya kubebeka, ya kupandisha kwenye pikapu na kupeleka minadani. Mtu akibonyeza batani ya kisiwa anachokwenda, taa ya kisiwa hicho iwake.

"Mtu aguse, aone mwenyewe," alisema. "Akishaona, atapanda." Kisha akamwahidi mjomba kwamba ramani ikifanya kazi vizuri, umeme wa boti zake zote utakuwa mikononi mwake.

Ahadi hiyo ndiyo iliyokuwa imemshikilia mjomba mjini. Alikuwa fundi umeme wa kiwandani tangu sijazaliwa, mpaka kiwanda kilipopunguza watu naye akawemo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina pa kwenda, na yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha ufundi uani kwake, Igoma. Lakini godoro na sanduku lake tayari alikuwa amevifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu. Ramani ikishindikana, angekwenda kijijini kwao, upande wa Magu, kuchunga ng'ombe wa kaka yake. Kila asubuhi nilikuwa naipita baiskeli ile na kuichukia.

Basi ramani ikagoma. Ukibonyeza Ukerewe, na Ukara inawaka. Ukibonyeza Kome, zinawaka taa zote, utadhani Krismasi. Tukang'oa bati tuzione waya zilizokuwa chini yake, tukajaribu tena: kila taa ikawaka peke yake, kwa adabu kabisa. Tukarudisha bati, Krismasi. Tukabadilisha batani, tukabadilisha balbu, tukahamisha betri ya gari tuliyokuwa tunatumia. Bati likitoka, adabu. Bati likirudi, Krismasi.

Ikafika Jumapili, na mzee alikuwa anakuja kesho yake. Mjomba akaweka bisibisi chini.

"Mikono yangu imeisha," alisema. "Kule kiwandani hawakuwa wajinga. Walijua nani wa kubakiza."

Nilikasirika, na chini ya hasira nilikuwa naogopa. "Samahani, mjomba," nikamwambia, "lakini hayo ni maneno ya mtu anayetafuta sababu ya kuondoka."

Alikwenda kwenye baiskeli yake akaanza kukaza mpira wa mzigo, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kufika.

Nikabaki na ubao wa ramani. Nikasema moyoni, walau mzee akute ziwa safi, nikachukua kitambaa nikaanza kusugua bati kwa hasira. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeuegemeza kwenye batani ya Ukerewe, kwa hiyo Ukerewe na Ukara zilikuwa zinawaka pamoja kama kawaida yao. Kitambaa kilipofika Ukara nikakandamiza. Ukara ikazimika. Nikaachia, ikawaka. Nikakandamiza tena, ikazimika.

Nikamwita mjomba. Alikuja akikokota miguu, akakandamiza pale pale, akaachia, akakandamiza. Kisha akainua ukingo wa bati, akapitisha kidole kwenye tundu tulilolitoboa kwa msumari ili waya ipite kwenda kwenye balbu. Tundu lilikuwa na meno, nayo waya ilikuwa imechunwa ganda mpaka shaba inaonekana. Matundu mengine nayo yalikuwa hivyo hivyo.

"Ziwa lenyewe ndilo linalopiga shoti," alisema, halafu akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu alipotoka kiwandani. "Yaani sisi tunamtoa mwizi nje, ndipo tunaingia ndani kumtafuta."

Ilibaki kutafuta kitu cha kuvisha matundu ili bati lisiguse waya. Maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa. Nikavua kandambili zangu nikampa azikate. Aliziangalia, akanirudishia. Akaenda kwenye baiskeli, akafungua lile fundo alilotoka kulikaza, akavuta mpira wote mpaka mwisho. Godoro likaporomoka vumbini, sanduku likafuata. Akakaa chini na mkasi, akaanza kukata vipande vyembamba, kimoja kwa kila kisiwa.

Tulipomaliza kuvisha matundu na kubadilisha waya zilizochunwa, tukarudisha bati. Alinisogezea ubao nibonyeze mimi. Ukerewe ikawaka peke yake. Ukara, peke yake. Kome, Maisome.

"Mjomba," nikasema, "sasa mzigo utaufungia nini?"

Alikuwa bado anaiangalia Maisome.

"Hebu liingize hilo godoro ndani," alisema, "kabla mchwa hawajaliona."