Pasi ya Bi Mwajuma na Mwanangu Hamisi

Jamani wa Mtendeni, leo wivu wangu nusura uue mtu!
Mnaojua kusoma, wasomeeni wenzenu.

Jirani yangu Bi Mwajuma kaletewa pasi ya umeme na kaka yake baharia. Asubuhi kaniita niione. Mimi wa pasi ya mkaa, majivu hadi puani!

Plagi yake ya Kitaliani ina pini mbili nyembamba. Soketi zetu hizi za Mwingereza zina matundu matatu ya mviringo.
Haikuingia.
Nikacheka moyoni. Mungu anisamehe.

Mara akaikata plagi. Anataka kuchomeka nyaya tupu kwenye matundu, azikaze kwa njiti za kiberiti. Na mikono imelowa maji ya kufulia!

Mwanangu Hamisi ni fundi umeme, hayo ananikataza kila siku. Nilijua. Na bado nikanyamaza kwanza, wallahi.

Kisha nikapiga kelele, "Mwajuma, acha! Utakufa!"
"Wivu huo, shoga."
"Wivu ninao. Lakini acha!"

Nikamwita Hamisi. Akasoma volti kwenye pasi, zinafaa umeme wetu. Akafunga waya mpya wa nyuzi tatu, mmoja wa ardhi wa kuzuia mtu asipigwe na umeme, na plagi ya hapa. Pasi ikapata moto vizuri.

Bi Mwajuma akamkumbatia. "Kuanzia leo huyu mwanangu!"
Na Hamisi, bila haya, "Naam, mama."

Hadi sasa yuko kwake anakula wali. Na mimi nimepika!

Niambieni, wenzangu: pasi sina, na mtoto naye nimgawe?