Kipa Tuliyemnyamazisha

Alhamisi asubuhi nilikuwa Bungoma, mguu mmoja mtupu, nikingoja fundi anishonee soli ya kiatu karibu na stesheni ya reli, nahodha wa zamani wa klabu ya magongo niliyokuwa katibu wake aliponipigia simu. Hakunisalimu. "Katibu, kipa wetu ametuacha," akasema, na simu ikakatika. Baadaye nikaambiwa aliugua wiki mbili tu, na kwamba mazishi ni Jumamosi, kwao Bokoli. Nimeombwa niseme machache huko kuhusu maisha yake ya michezo. Tangu hapo naandika na kufuta, na sababu si majonzi peke yake.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari mjini Kitale, mikono yake migumu kuliko yangu, na mpira wa magongo aliujua tangu shuleni. Alipohamia Kitale hakukuta timu ya wanawake, akaja kwenye mazoezi yetu sisi wanaume na gongo lake begani. Tulimcheka. Tukampigia mipira mfululizo kwa nia mbaya kabisa ya kumfukuza kwa maumivu, naye akaipangua karibu yote. Kicheko kikaisha, na goli likawa lake. Mipira aliizuia kwa miguu na mikono, lakini kazi kubwa aliifanya kwa mdomo. Dakika zote alikuwa akipiga kelele, akiwapanga mabeki: toka, rudi, niachie, angalia kushoto kwako. Mabeki wetu walizoea kucheza kwa masikio.

Kisha ikaja mechi ya mwisho wa msimu, ugenini Bungoma. Tulihitaji sare tu ili tusishushwe daraja. Ligi zetu mnazijua: timu ikishindwa uwanjani hukata rufaa, ikashinda mezani. Kanuni hazikumkataza mwanamke, hazikumtaja tu, na msimu mzima hakuna aliyelalamika, lakini Bungoma walikuwa hawajawahi kucheza naye, na mimi katibu nikaogopa rufaa. Tulipokaribia uwanja nikamwita kando nikamwambia avae helmeti mapema, asiivue, na asitoe sauti mpaka kipenga cha mwisho, wasije wakamjua.

"Katibu, unataka kipa bubu?" akaniuliza. "Si unajua hawa mabeki hawana macho nyuma? Nani atawaambia watoke?"

"Leo tu," nikamjibu. "Nisaidie, dada yangu."

Akakubali, akavaa helmeti. Kipindi cha kwanza nilitazama nikiwa nimeuma kidole. Mpira mrefu ukaingia eneo letu, yeye akautokea, beki naye akarudi kinyumenyume akiufuata, bila kujua kipa yuko nyuma yake. Nilimwona kipa akipigapiga gongo chini ili kumwonya. Beki hakusikia. Wakagongana, wakaanguka wote wawili, na mshambuliaji wa Bungoma akausukuma mpira golini taratibu. Wakati wa mapumziko wenzake walimshambulia kwa maneno. "Ulikuwa umelala ama? Ungesema tu niachie!" beki akafoka. Kipa alinitazama mimi kupitia vyuma vya helmeti, nami nikajifanya ninatafuta chupa ya maji.

Kipindi cha pili mpira kama ule ule ukaja, na safari hii kipa akavunja ukimya: "Niachieee!" Uwanja mzima ulimsikia. Beki akapisha, kipa akaupiga mpira nje. Nahodha wa Bungoma akakimbia akiinua gongo. "Lefa, simamisha mechi! Ati kipa wao ni mwanamke, bana!" Mwamuzi akasimamisha mchezo. Akamwambia kipa avue helmeti, akaivua, jasho likimtiririka usoni, na mwamuzi akamgeukia nahodha. "Kitambulisho chake nilikiangalia kabla hatujaanza. Kimeandikwa mwanamke. Wewe unaniambia nini kipya? Turudi kazini."

Mwamuzi alijua tangu mwanzo! Lile nililolificha halikuwa limefichika, na hakuna aliyeniomba nilifiche. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Kuanzia hapo kipa wetu alipiga kelele mpaka mwisho na hakufungwa tena, ila sisi hatukupata goli. Tukashuka daraja. Kwenye gari wengine walimsema mpaka Kitale, na jioni nikaandika ripoti ya klabu kwa mkono wangu: goli lilitokana na kosa la kipa. Aliisoma ilipobandikwa ukutani. Msimu uliofuata alihamia klabu nyingine ya wanaume, akaidakia miaka mingi, na kila nilipompelekea viti vya gari avishone alinihudumia kwa heshima iliyoniumiza kuliko matusi.

Tunapenda kusema tuliwafungulia wanawake milango. Wa kwetu tulimfungulia, kisha tukamnyang'anya kifaa chake cha kazi na kumlaumu kwa kazi iliyoharibika. Nadhani maofisini na makanisani kwetu wako wengi wa namna hiyo, wamepewa kiti na kuombwa wasiseme. Jumamosi nitasimama Bokoli mbele ya mama yake na wachezaji wote wa zamani, nisome upya ripoti ile. Nitairekebisha neno moja tu: kosa halikuwa la kipa, lilikuwa la katibu. Alistahili kulisikia akiwa hai.