Nilimdanganya mama lishe wa Kibiti kuwa mke wangu yuko njiani, akaenda kumpokea stendi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu hauhusu siasa wala mpira. Ni jambo langu mwenyewe, limenitokea likizo hii, na nitalisimulia lilivyo hata pale linaponiaibisha.

Mimi ni mtunza stoo wa shule moja ya bweni huko Makambako. Nina miaka 44, sijaoa, sina mtoto.

Msinihukumu mapema. Miaka tisa nilikuwa namuuguza mama yangu, tunaishi wawili tu. Leave zangu zote ziliishia wodini au pembeni ya kitanda chake. Mwaka jana akafariki.

Mwaka huu leave ilipofika nikajikuta sina mgonjwa. Wenzangu kazini huwa wanaenda "kula bata", nikasema na mimi niende. Nikachagua Kibiti kwa sababu moja tu: simjui mtu hata mmoja huko, kwa hiyo hakuna wa kunipa pole.

Siku ya kwanza nikateremka bandarini Nyamisati, nikapanda boti kuingia delta, pale mto unapomwagikia baharini. Mikoko kushoto, mikoko kulia, maji rangi ya chai ya maziwa. Pazuri mno. Nikapiga picha kama thelathini, kisha nikabaki nimeshika simu nikitafuta wa kumtumia.

Nikairudisha mfukoni.

Siku ya pili ndiyo yenye kisa. Niliipanga iwe ya kuzurura sokoni na kula tu. Nikaamka taratibu gesti, nikaoga, nikavaa shati jipya, nikaenda kunywa chai kwa mama lishe mmoja jirani na soko. Nitamwita Bi Mwanahawa, si jina lake. Umri kama miaka sitini hivi.

Vitumbua vyake, wakuu! Pembeni vimekauka, katikati laini, iliki inanukia. Nilikula sita.

Akawa ananitazama ninavyokula. Akauliza:

"Baba, umekuja na mama watoto?"

Swali la kawaida kabisa, tena la wema. Sijui nilipatwa na nini. Nikajibu:

"Yuko njiani, anakuja na basi kutoka Dar."

"Haya! Anaitwa nani?"

"Neema."

"Yukoje, nikimwona nimjue?"

"Mrefu. Anavaa miwani."

Hata miwani, wakuu. Mpaka leo sijui niliitoa wapi.

Alifurahi kama vile anakuja mkwewe. Akasema mchana atapika wali wa nazi na kamba, atatuwekea sahani mbili, na tusithubutu kula kwingine. Nikasema sawa, nikaondoka.

Sasa hapa niseme ukweli. Uongo ule ulikuwa mtamu.

Niliingia sokoni nikiwa mtu mwenye mke. Kwenye korosho nikasema, "Ngoja kwanza, mwenzangu ndiye anayejua kuchagua." Kwenye duka la khanga nikamwambia muuzaji mke wangu hapendi nyekundu, akanishushia doti moja baada ya nyingine mpaka tukapata ya bluu, nikailipia. Mama mmoja kutoka kijiji cha Mahege alikuwa ametandaza mikeka yake barazani, akaniuliza, "Huu wa watu wawili, utawatosha?" Nikajibu, "Utatutosha." Nikaununua.

Kwa saa tatu hivi nilitembea kama mtu anayesubiriwa mahali. Nikanywa maji ya dafu nimeegemea ukuta, naangalia watu, mood iko juu kabisa.

Ilipokaribia saa nane nikatunga plan ya kutokea: nitasema basi limeharibika, Neema amerudi Dar. Kwisha habari.

Nikafika bandani, mlango umeegeshwa, hakuna mtu. Jirani anayeuza nazi akaniambia:

"Amekwenda stendi kumpokea mkeo. Kasema simu za siku hizi zinaisha chaji, mgeni asije akapotea."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alipomaliza kuswali adhuhuri."

Nikatoka mbio kuelekea stendi.

Stendi nilimwona kwa mbali. Kajitanda khanga kichwani, jua la kupasua, anazunguka mlango wa basi la Lindi. Amemshika mkono dada mmoja mrefu mwenye miwani aliyeshuka kununua maji.

"Mwanangu, mumeo anakungoja, chakula kiko tayari."

"Mama, mimi naenda Lindi. Sina mume hapa."

"Si wewe Neema?"

Konda akaangua kicheko. Abiria wakachungulia madirishani. Yule dada akajitoa mkono, akapanda, basi likaondoka na vumbi lake.

Aliponiona akaanza kuniomba radhi mimi!

"Basi la tatu hili, baba, simwoni. Labda nimepishana naye."

Hapo nikashindwa.

"Bi Mwanahawa, hakuna Neema."

"Ameghairi?"

"Hayupo. Sijaoa. Nilisema tu."

Akajifuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Yaani nimeacha wateja wangu, nimesimama juani, kumbe napokea hewa?"

Akatangulia, nikamfuata na mkeka begani kama mwizi aliyekamatwa na kidhibiti.

Nilidhani atanifukuza. Akafunua kawa, akapakua sahani mbili. Moja akanisogezea. Ya pili akaivuta kwake, akakaa mbele yangu.

"Ungesema uko peke yako," akasema. "Mimi tangu mume wangu afariki nakula nimesimama, hapo jikoni. Tungekula mapema, kamba hawajapoa."

Nikajaribu kumpa zile khanga, angalau ziwe radhi yangu. Akazirudisha.

"Hizo za Neema. Mtafute."

Hakucheka aliposema hivyo. Na mimi sikucheka.

Tukala. Akaniuliza kilichonifanya nidanganye, nikamweleza habari za mama, wodi, ile nyumba ilivyo kimya sasa. Akasikiliza, kisha akauliza:

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Edina."

Wakuu, tangu tumzike sikuwa nimelitamka jina hilo. Kila mtu husema "marehemu" au "mama yako". Nikainamia wali. Bi Mwanahawa akasema, "Mungu amrehemu," akaniongezea mchuzi, akainuka. Kulikuwa na mteja amefika.

Kesho yake niliondoka na gari la alfajiri. Nilipita pale kumuaga, banda lilikuwa bado limefungwa. Namba yake sikuchukua. Hii ni wiki ya tatu, bado najilaumu.

Nilichojifunza ni hiki. Niliogopa mama yule asije akanionea huruma, nikaishia kumfanya achekwe na basi zima. Upweke wangu niliuficha mimi, aibu akaibeba yeye.

Sasa nauliza wale wenzangu mnaokaa mezani peke yenu: mkiulizwa mmekuja na nani, huwa mnajibu vipi? Andikeni hata kwa kirefu.

Leo Jumapili, sina pa kwenda. Nitasoma zote.