Kopo la Udongo wa Njiru

Kaluki wa mtaa wa Tena alikuwa mama wa watoto watatu, mwimbaji wa kwaya, na mla udongo. Hilo la tatu mumewe alidhani lilikwisha alipojifungua kitinda mimba, ambaye mwaka huo wa 1996 alikuwa darasa la nne. Mjamzito akitafuna odowa, yale mawe laini ya sokoni, hakuna anayemuuliza. Asiye mjamzito hula kwa siri, na siri ya Kaluki ilikuwa na pa kujificha, kwani kazi yake ilikuwa udongo huohuo.

Alikuwa kibarua katika maabara moja mjini, akikausha sampuli, kuzitwanga na kuzichekecha. Baada ya miaka sita, mkuu wake, Daktari Njogu, alikuwa amempendekeza aajiriwe moja kwa moja. Barua ilikuwa njiani, na Kaluki aliitamani kuliko odowa, jambo ambalo si dogo.

Ndipo ukaja udongo wa Njiru. Nyumba mpya za huko zilikuwa zikipasuka kuta, na Daktari alitaka kujua kisa. Wachimbaji walishuka futi ishirini wakaleta kopo moja. Daktari akachota kidogo, udongo uliobaki akampa Kaluki. Ulipokauka juani ukanukia mvua ya kwanza. Akaonja kipande, kuona tu. Kufikia saa nane kopo lilikuwa tupu.

Akakimbilia soko la Gikomba, kwa Wacera muuza odowa.

"Niaje mathe, leo ngapi?"

"Jaza hili kopo. Na usiniulize."

Kijivu kwa kijivu, nani angejua? Akatwanga, akachekecha, akabandika jina la Njiru kwa mwandiko wake mzuri kabisa.

Lakini hadubini ya elektroni haina aibu. Huona vitu vya nanomita, na ukigawa milimita moja mara milioni, kila kipande ni nanomita moja. Siku ya pili Daktari alimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, akaweka picha mbili mezani.

"Mama Ndeti, hii ni ile chembe niliyochota mimi. Unaona vijibomba, kama makaroni? Vinanywa maji, ndiyo maana ardhi inahama mvua ikinyesha. Hii nyingine ni ya kopo lako. Vibapa, vimepangana kama chapati. Ningeamini kopo lako, ningewaambia watu wajenge."

Kaluki alimkumbuka dadake Mbeti, aliyekuwa akijenga hukohuko Njiru. Aibu ikamshika, akaisahau hata barua.

"Ule wa kwanza niliula, Daktari. Hiyo ni odowa ya Gikomba."

Daktari akavua miwani. "Wote?"

"Wa Njiru unayeyuka ulimini. Wa Gikomba unakwama menoni. Ningeacha vipi?"

Daktari akamletea makopo matano yasiyo na majina, aupime ulimi huo. Kaluki akaonja, akatenga vijibomba huku na vibapa kule. Hadubini ilichukua siku nzima kukubali kwamba hakukosea hata kopo moja.

Wachimbaji walirudi Njiru kwa manung'uniko, wakaleta kopo jingine. Ijumaa iliyofuata barua ya kazi ikafika, na chini yake Daktari alikuwa ameongeza mstari kwa kalamu: mwajiriwa hataonja sampuli yoyote bila ruhusa.

"Umeelewa, Mama Ndeti?"

Kaluki alitia sahihi upesi na kuitikia kwa kichwa tu. Alikuwa hajameza.